Simu Tano kwenye Meza ya Gaudiose

Mimi ni fundi wa viatu na miavuli hapa mpakani mwa Rwanda na Kongo, Rusizi ya Kwanza, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu anayesema anamwamini kila mtu. Mtu wa namna hiyo ama hana cha kupoteza, ama anakuja kukuomba kitu. Ukitaka kujua nani anaaminika kweli, njoo asubuhi uwaangalie wanawake wa samaki kabla hawajavuka kwenda Bukavu. Angalia wanamwachia nani simu zao.

Wanamwachia Gaudiose. Meza yake iko kando ya kigoda changu. Tunagawana kivuli cha turubai moja, na mvua ikinyesha tunaligombania hilo turubai kama watoto.

Mgeni hushangaa, basi nieleze. Wanawake wanaopeleka sambaza, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo hubeba mabeseni kichwani, mikono yote miwili iko juu, na katika soko la kule kuna vijana wenye vidole vyepesi. Isitoshe, laini za upande wetu zikivuka kilima cha kwanza hukata roho. Kwa hiyo simu kubwa, zile za picha na ujumbe, hubaki huku. Gaudiose ana sanduku la mbao lenye vyumba vyumba, na kila simu ameifunga kipande cha kitenge asije akachanganya. Simu ikiita, anapokea: "Allô? Maman iko ng'ambo, atarudia mangaribi. Uache neno." Namba za siri za simu zote anazijua, kwa sababu wenyewe wamempa. Anajua nani ana mume mkali, na nani hupigiwa na nani mume huyo akiwa kazini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii haijamwaga hata tone, hata kwangu mimi, ingawa nimejitahidi sana.

Alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia kule. Alirudi akiwa mwanamke mzima, binti yake mgongoni, na Kinyarwanda cha kuchechemea kilichowachekesha majirani wa Gihundwe. Ng'ambo walikuwa wakimwita Mnyarwanda. Huku wakamwita Mkongomani. Mumewe alifariki mapema. Akalima Mururu kwenye shamba la shemeji, akauza ndizi Kamembe, akashindwa kote kuwili, na atakusimulia mwenyewe huku anacheka. Halafu siku moja mwanamke mmoja mwenye haraka alimwambia, "Unishikilie telefone, ninarudia." Kesho yake wakaja wawili. Hivyo ndivyo mtu asiyekuwa na kwao pande zote mbili alivyopata jina pande zote mbili. Jina hilo ndilo mali yake yote, na habari hii ni ya namna lilivyotaka kupotea.

Yule binti wa mgongoni anaitwa Védastine. Alisoma kompyuta mpaka sisi tukachoka kumngoja amalize, akarudi Rusizi kufanya utafiti juu ya kitu kinachoitwa blokcheni. Nilimwambia sitaki kusikia, hayo ni mambo ya pesa za hewani na matapeli.

"Papa Harerimana," akasema, "wache makuta. Fikiri samaki."

Nikaacha pesa, nikafikiri samaki. Sambaza wakitolewa ziwani upande wetu, hukaguliwa huku na kupewa cheti. Wakifika ng'ambo hukaguliwa upya tangu mwanzo, kwa kuwa cheti cha huku kinaweza kughushiwa na hakuna anayekiamini kule. Foleni ni ndefu, jua ni kali, na sambaza si kiumbe mwenye subira. Sasa, ushirika wa upande wetu ulikuwa umeanza kuandika vyeti vyake katika blokcheni, yaani daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, kila ukurasa umeshonewa kwenye ule uliotangulia, hata ukibadilisha neno moja ushonaji wote unafumuka na kila mtu anaona. Kushona ninakuelewa, kwa hiyo hapo hakunipoteza. Chama cha wauza samaki wa Bukavu nacho kilikuwa na daftari la aina hiyo. Yote mawili yalikuwa imara, lakini hayakusikilizana, kila moja na lugha yake. Utafiti wa Védastine na wenzake ulikuwa kuyaunganisha, ili neno lililoandikwa huku lisomwe kule na liaminiwe. Kiungo hicho wanakiita daraja.

Akaniambia kwamba wezi wa dunia wamechoka kuhangaika na madaftari yenyewe. Wanavamia madaraja, maana hapo katikati ndipo penye walinzi wachache. Kwa hiyo yeye akaweka walinzi watano, wanawake wa samaki wenyewe, kila mmoja na ufunguo wake ndani ya simu yake. Cheti kikitaka kuvuka, simu zote tano zinalia na swali linatokea: shehena hii umeiona? Kubali, au kataa. Wakikubali watatu, cheti kinavuka. Ukimnunua mmoja na kumdanganya wa pili, bado umekwama.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Charlotte, kiongozi wa wanawake wanaopeleka samaki Bukavu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Nilipenda mpango ule. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikasema, na Védastine akafurahi kuona mzee wa viatu ameelewa.

Daraja likafunguliwa kwa majaribio, na nisiwe mchoyo wa sifa: lilifanya kazi. Wanawake walivuka na mabeseni yao, ng'ambo mkaguzi akaangalia kioo cha kompyuta, akaona cheti, akawapungia mkono wapite. Sambaza walifika sokoni macho yao bado yanang'aa. Charlotte alirudi jioni moja akiimba, akatununulia soda sisi wote wa chini ya turubai. Gaudiose alipasua kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu tugawane turubai. Ilikuwa kazi ya mtoto wake, bwana! Aliitangaza kwa kila mpita njia, hata kwa askari ambaye hakuwa ameuliza.

Ila utafiti hauna adabu. Ukishajenga kitu, unamtafuta mtu wa kukibomoa. Akaletwa Christophe-Aimé, kijana wa Bukavu aliyesoma na Védastine, mpole, mwembamba, mwenye viatu vilivyochoka. Kazi yake ilikuwa kuvusha cheti cha uongo kwa njia yoyote isiyomwumiza mtu. Alijifungia na kompyuta yake wiki baada ya wiki. Akashindwa. Védastine akaanza kutembea kwa madaha.

Siku moja ya soko, Christophe-Aimé alikuja nimshonee soli. Akakaa kwenye benchi langu mguu mmoja na soksi, uso umemshuka, analalamika. Mara simu tano zikalia kwa pamoja kwenye meza ya jirani. Gaudiose, huku ananisimulia habari za harusi ya mtu, akaitoa ya kwanza, akafungua, akafinya Kubali, akairudisha. Akaitoa ya pili. Akafinya. Zote tano, bila kukata hadithi ya harusi.

Kijana akaacha kulalamika.

"Papa," akaninong'oneza, "zile telefone ni za nani?"

Nami, ambaye mdomo wangu si kama wa Gaudiose, nikamwambia: ile ya kitenge cha njano ni ya Charlotte, ile ya zambarau ni ya fulani. Akanishukuru kwa adabu, akavaa kiatu kabla uzi haujakatwa, akaondoka mbio.

Soko lililofuata, cheti kilivuka daraja. Kilikuwa cha makreti mengi ya sambaza wabichi kabisa, waliokaguliwa vizuri, wa mwanamke asiyekuwepo duniani. Ng'ambo kioo kikaonyesha kijani. Mkaguzi akatoka nje kuwatafuta samaki hao, akaita jina la mwenye mali mpaka watu wakacheka. Hapakuwa na kreti. Hapakuwa na hata magamba. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini cha Gaudiose kilikuwa kimevusha samaki ambao hawakuwahi kuogelea.

Védastine alikuja mezani mchana huo.

"Maman," akaanza, "leo asubui ile kintu ililia. Ulifinya?"

"Nilifinya."

"Telefone ngapi?"

"Zote. Bamama balinambia: ikilia, ufinye kubali, samaki zisioze. Bo beko ng'ambo, batafinya namna gani?"

"Ulijua samaki ni za nani?"

Gaudiose akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndimi nilikuwa na jibu. "Sikujua," akasema. "Hawakuniomba kujua."

Mnaweza kuuliza, na mimi niliuliza kwa ukali: huyu msomi, aliyelelewa chini ya meza ile ile, aliyecheza na simu za watu kabla hajajua kusoma, hakuona kwamba funguo zake tano zitalala sanduku moja? Hakuona. Aliwaandikisha walinzi ofisini, simu mkononi, na akilini mwake simu zikabaki mikononi. Ukizaliwa penye harufu ya sambaza huisikii tena. Nilipomwona analia nikanyamaza, maana hakuwa analilia utafiti. Alikuwa ameshaona kitakachomfika mama yake.

Na kilimfika. Kamati ya mradi ilifunga daraja siku ile ile. Wanawake wakarudi kwenye foleni ya jua, na hasira hutafuta mtu wa karibu. Mara Gaudiose alihongwa. Mara amekuwa akivusha magendo ya watu miaka yote. Lisemwalo lipo, wakasema, na methali hiyo huwa inanichefua, kwa sababu wanaoipenda ni wale wale wanaolisema. Mmoja mmoja wakaja kuchukua simu. Hawakumtukana. Walisema tu, "Maman, leo nitaenda nayo," bila kumtazama usoni. Alifungua fundo la kitenge kila mara kwa uangalifu, akawapa, akabaki na vipande vya vitambaa ndani ya vyumba vitupu. Niliumia kuona. Nilishona kiatu kimoja mara mbili.

"Harerimana," aliniambia, "niliondoka Kadutu banasema siko muntu wao. Nilifika hapa banasema vile vile. Sasa nitaenda wapi tena?"

Nikamwachia upande mkubwa wa turubai.

Charlotte hakuvumilia. Alikuja asubuhi moja na walinzi wenzake wanne nyuma yake, akasimama katikati ya njia ambapo kila mtu angemwona, na kwa sauti ile ya malori akatangaza kwamba Gaudiose si mwizi, na atakayesema hivyo akutane naye. Kisha akaiweka simu yake mezani, pwaa! Wale wanne wakaweka zao. Watu wakasimama. Wachukuzi wakashusha mizigo. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, jina la mwanamke huyu limerudi.

Gaudiose akaziangalia simu tano. Alizihitaji kuliko chakula. Mimi niliyekaa naye ninajua. Akazisukuma taratibu mpaka ukingoni mwa meza.

"Mubebe," akasema.

"Nini?"

"Telefone zenu. Sizishiki."

Charlotte akafura. "Gaudiose, unanikatala? Miye Charlotte? Mbele ya batu?"

"Ninakukatala ju ninakupenda. Musikilize. Balisema balinzi batano. Samaki ya pande yote inangoja neno ya batu batano. Lakini miye niko muntu mumoja. Munaniletea telefone tano, munanifanya batano. Kesho nikiwa na homa? Nikidanganywa? Nikiwa mubaya?"

"Hauko mubaya!"

"Leo siko. Mutoto wangu alijenga ile kintu ju kusikuwe muntu moja anabeba bote. Na miye ndiye nilibeba bote." Akagusa sanduku lake. "Za bengine nitashika. Zenye ufunguo, hapana. Hata munibembeleze na nini."

Charlotte aliichukua simu yake kama mtu aliyepigwa kofi, akaondoka bila kuaga. Wale wanne wakamfuata. Nilimwambia Gaudiose kwamba ana kichaa. Mtu anaokolewa mtoni, yeye anamrudishia mwokozi kamba! Alianza kukunja upya vipande vya kitenge sandukuni.

Védastine aliyasikia hayo kutoka kwa watu kabla ya kuyasikia kutoka kwa mama yake, maana Kamembe habari hupanda pikipiki. Alikuja usiku haujaingia, akakaa chini, kwenye vumbi, mahali alipokuwa akicheza zamani. Wakaongea wawili. Kutoka hapo utafiti ukageuka. Hakubadilisha kufuli lolote. Kufuli lilikuwa zima. Alibadilisha zamu. Wanawake wa ushirika na wa chama cha Bukavu waliongeza idadi ya walinzi, wakakubaliana kwamba anayevuka siku hiyo halindi siku hiyo. Anayelinda anabaki kwenye mizani, anafungua kreti, anaona samaki kwa macho yake, ndipo anafinya kwa kidole chake, na simu haikubali mahali pengine popote isipokuwa pale penye mizani. Charlotte alinung'unika kwamba siku ya zamu ni siku ya biashara iliyokufa. Alinung'unika, lakini alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Na alipopita mezani kwetu alisimama, akavuta pumzi ya kiongozi, akampa Gaudiose simu yake nyingine ndogo, isiyo na ufunguo.

"Hii utashika?"

"Hii ndiyo, nitashika."

Christophe-Aimé akaachiliwa tena ajaribu kulibomoa daraja. Alijaribu kila hila. Alikuja hata na kreti la mawe lililofunikwa sambaza juu. Mwanamke wa zamu aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa jiwe, akamfukuza nalo mpaka karibu na geti. Kijana alirudi kwangu na soli nyingine imebanduka, anacheka mpaka machozi. Daraja likafunguliwa. Mabeseni yakaanza kupita tena asubuhi, na vyumba vya sanduku vikaanza kujaa, kidogo kidogo, kitambaa baada ya kitambaa.

Ningependa kusema maneno ya watu yaliisha. Hayakuisha. Kulikuwa bado na wa kunong'ona kwamba Gaudiose hakukataa simu zile, ila alinyang'anywa. Aliyasikia, akawa anapokea simu kwa sauti ya chini kuliko zamani.

Juzi Védastine alikuja na kompyuta yake. Utafiti wao umekubaliwa kusomwa kwenye mkutano wa wataalamu Kigali, watu wa nchi nyingi, na kabla ya kuutuma alitaka mama yake ausikie. Akatusomea, anatafsiri huku anasoma. Mengi yalinipita kichwani. Kisha akafika pale: udhaifu haukuwa kwenye hesabu wala kwenye kufuli, ulikuwa ni mtu mmoja, anayeaminiwa na wote, aliyeshika funguo zote bila yeye wala walinzi kukusudia ubaya.

"Ule muntu moja ni nani?" Gaudiose akauliza.

Védastine akainamisha kichwa. "Ni weye, maman."

"Jina yangu iko wapi?"

"Sikuandika. Ni ju ya heshima. Ku karatasi kama hizi banafichaka jina ya muntu, asipate haya."

"Haya ya nini?" Gaudiose akaiweka chini simu aliyokuwa anaifunga kitambaa. Sauti yake haikuwa ya chini tena. "Muntu aliiba, ndiye anafichaka jina. Ukiacha pale kama shimo, kila muntu atatia yake. Miye sikuiba. Balinipa telefone ju balinijua. Nilifinya ju nilibapenda. Ilikuwa mubaya, nikaona mubaya, nikakatala. Andika vile. Andika Gaudiose."

"Maman, itasomwa na batu ya dunia muzima."

"Basi bote banijue."

Védastine aliniangalia, nami nikajifanya ninatafuta sindano, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunisaliti na mzee hapaswi kulia mbele ya wateja. Akafungua kompyuta tena. Akafuta maneno "mtu mmoja", akaanza kuandika jina la mama yake. Mama yake akasogeza kiti chake karibu na kioo, akasubiri, na herufi zilipotokea akazisoma kwa sauti, moja moja, mpaka ya mwisho.